Baiskeli isiibwe maegeshoni: maswali yenu na majibu yetu

Sokoni kwetu Tanga kuna vyuma vya kuingizia tairi la mbele, na watu wanafunga kufuli. Mbona baiskeli bado zinaibwa?

Kwa sababu kilichofungwa pale ni gurudumu, si baiskeli. Mwizi analegeza nati mbili za ekseli kwa spana, analiacha gurudumu kwenye chuma na kuondoka na kilichobaki, ambacho ndicho chenye thamani. Hata asipokuja mwizi, vyuma hivyo ni hasara: baiskeli yenye mzigo kwenye keria ikisukumwa kidogo, uzito wote unalalia gurudumu la mbele, rimu inapinda na spoku zinakatika. Ving'oeni. Wekeni bomba lililokunjwa mfano wa U iliyopinduliwa. Fremu inaegemea hapo sehemu mbili, na kufuli linapita kwenye fremu, gurudumu na bomba kwa pamoja.

Tupeni vipimo tumpelekee fundi wa kuchomelea.

Bomba la duara la chuma lililopakwa zinki, kipenyo inchi 2, unene wa chuma usipungue milimita 3. Kimo juu ya ardhi sentimita 75, upana 75, na kila mguu uzame sentimita 30. Jumla haifiki mita 3, kwa hiyo bomba moja la mita 6 linatoa U mbili. Fundi alikunje, asikate na kuunga kona, maana pale penye uchomeleaji ndipo kutu huanza.

Chini ya kila mguu achomelee kipande cha nondo kilicholala, ili bomba lisizunguke wala kuvutika likishamwagiwa zege. Shimo liwe sentimita 30 kwa 30, kina 40. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto): mfuko wa kilo 50 unajaza mashimo manne, yaani U mbili. Limwagilieni maji siku saba kabla ya kuruhusu baiskeli. Kama sakafu tayari ni zege na mnatumia bolti, chomeleeni nati zishikane na bolti. Bila hivyo spana ya kawaida inafungua kila kitu usiku mmoja.

Kutoka U hadi U acheni mita 1.2. Mita 1 inatosha baiskeli nyepesi, lakini za kwetu zina usukani mpana na keria zenye mizigo. Zikibanana, watu wataegesha nje. U moja inachukua baiskeli mbili, kila upande moja. Kutoka ukutani hadi bomba la kwanza ziwe sentimita 60, kwa kuwa gurudumu linatokeza. Nafasi ya gari moja, mita 2.5 kwa 5, inaingia U nne: baiskeli nane mahali pa gari moja.

Tumepewa eneo nyuma ya stendi ya mabasi, palipotulia. Tukubali?

Kataeni. Utulivu ndio anaoutafuta mwizi. Ombeni mbele, mama ntilie na wakata tiketi wanapoona siku nzima, penye taa usiku, na pasiwe zaidi ya mita 15 kutoka mlangoni. Pakiwa mbali, watu watafunga baiskeli kwenye nguzo za umeme na eneo lenu litabaki tupu.

Tukiweka uzio na mlinzi, tiketi za karatasi zinatosha?

Hazitoshi, zinalowa na ni rahisi kughushi. Tumieni vibati viwili vyenye namba moja: kimoja kwenye usukani, kingine kwa mwenye baiskeli. Lango liwe moja, na mlinzi alinganishe namba kila baiskeli inapotoka, hata kama anamfahamu mtu. Wizi mwingi wa maegesho yenye mlinzi hupitia hapo hapo: “Ni ya kaka yangu, amenituma.” Aliyepoteza kibati aonyeshe kitambulisho na ataje namba ya fremu (mara nyingi imegongwa chini, pale ekseli ya pedeli inapopita), kisha asaini daftari. Namba ya kibati hicho isitumike tena. Na vyuma vya U viwemo ndani ya uzio vilevile, maana mlinzi naye huenda kula.

Kufuli gani?

Mnyororo wa chuma kigumu au kufuli la U. Kebo nyembamba hukatwa kwa koleo, na kufuli la duara la gurudumu la nyuma halimzuii mtu kuibeba baiskeli begani. Pitisheni kufuli kwenye fremu, gurudumu la nyuma na bomba, na lisiguse ardhi: likilala chini, mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi wa vyuma ardhini na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wake.

Kwa nini tusijenge ya ghorofa kama Uholanzi?

Maegesho ya stesheni ya Utrecht, yaliyokamilika 2019, yana nafasi 12,500, na baiskeli zimepangwa juu na chini. Kwetu mpango huo ni mgumu: baiskeli ya mizigo ina kilo 20 au zaidi, na si kila mtu ataipandisha. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wao wa malipo. Saa 24 za kwanza ni bure, kisha unalipa kwa kila siku, hivyo baiskeli haziachwi zikala nafasi. Nanyi fungeni kibandiko chenye tarehe kwenye kila baiskeli isiyosogea. Ikipita wiki mbili, ipelekeni stoo, muandike namba ya fremu kwenye ubao wa langoni.