Jibu: Bwawa la Nyerere lina faida kuliko hasara?

Mkuu, umeuliza kama Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji lina faida kuliko hasara. Inategemea umesimama wapi mtoni.

Ukiwa Dar hesabu ni nyepesi: mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mgawo wa umeme ukapata nafuu. Bwawa la Kidatu lote ni megawati 204 tu, linganisha mwenyewe.

Sasa shuka mpaka delta, pale mto unapoingia baharini. Kule watu wamelima kilimo cha mlau miaka na miaka: mto unafurika, unaacha tope lenye rutuba, maji yakishuka mtu anapanda mahindi bila mbolea wala pampu. Bwawa linalizuia tope hilo huko juu. Mikoko na kamba nao wanategemea tope na maji baridi hayohayo. Mto ukipungua nguvu, chumvi ya bahari inapanda. Mimi hili linanitia wasiwasi kuliko hata ule msitu uliokatwa kwenye pori la akiba la Selous, ingawa nao si haba.

Kuhusu mafuriko, wanaolisifu bwawa na wanaolipinga wote wanatia chumvi. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama bwawa likiwepo, maana likijaa lazima lifunguliwe. Lakini mvua ya mwaka ule hata bila bwawa ingeleta balaa.

Ukame je? Bwawa la Mtera tumeshaliona likikauka. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka mto Kilombero, kwa hiyo huko ndiko pa kuangalia kwanza.