Ukipewa Uafisa Usalama wa Mionzi, Dai Mamlaka Kwanza

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwa furaha. Ameteuliwa kuwa afisa usalama wa mionzi hospitalini kwao, na bosi wake kamwambia, "Kuanzia leo mambo yote ya mionzi ni juu yako." Hongera sana, ndugu yangu. Ila kauli hiyo ya bosi usiipokee.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikokuwa zamani, majibu ya dosimita (kifaa kidogo anachovaa mfanyakazi kupima mionzi anayopata) yalirudi na kipimo kikubwa cha mwenzetu mmoja. Niliitwa kikaoni nikasemwa mbele ya watu. Nilipofuatilia, nikaikuta dosimita yenyewe imebanwa kwenye kola ya aproni ya risasi, lile vazi zito la madini ya risasi la kukinga mionzi, na aproni imetundikwa ndani ya chumba cha eksirei, hatua chache tu kutoka meza ya mgonjwa. Mwenye dosimita alikuwa likizo! Kilichopigwa mionzi ni aproni, si mtu. Na barua yangu ya kuomba ubao wa kutundikia dosimita nje ya chumba ilikuwa imekaa mezani kwao miezi kadhaa bila jibu. Hakuna aliyeniomba radhi, na bado inaniuma.

Sasa shika hili: dhamana ya kwanza ni ya mwenye leseni ya kutumia mionzi na mwajiri. Viwango vya IAEA, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, vya mwaka 2014 vimeliweka hilo wazi. Fedha, vifaa na mafunzo vinatoka kwao. Wewe unakagua, unafuatilia vipimo, unaonya. Mfanyakazi naye ana wajibu wake: avae dosimita, aripoti hitilafu, na akiwa mjamzito atoe taarifa mapema, maana kuanzia hapo mtoto aliye tumboni hatakiwi kupata zaidi ya milisiveti 1 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi anayopata mtu) hadi azaliwe.

Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5, na mwaka wowote asizidi 50. Usingoje mtu afike huko ndipo uulize. Kipimo kikipanda kuliko kawaida yake, anza kuchunguza.

Nilipo sasa, barua yangu ya uteuzi inaniruhusu kusimamisha kazi. Mwezi uliopita taa ya tahadhari mlangoni iligoma kuwaka. Nikafunga chumba mpaka fundi alipoitengeneza, na mkurugenzi akanipigia kunishukuru.

Kwa hiyo dai mamlaka hayo, tena kwa maandishi. Barua ikija bila sentensi hiyo, usitie saini.