Kwa Anayeanza Kutengeneza Salsa: Yaangalie Kwanza Maji ya Nyanya

Wewe unayeingia jikoni kwa mara ya kwanza, iwe ni katika hoteli ndogo ya samaki hapa Kisumu au nyumbani kwako, utaambiwa kwamba salsa ni kachumbari iliyopewa jina la kigeni. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Kwa Kihispania salsa maana yake ni mchuzi, na ile ya Meksiko isiyopikwa hutengenezwa kwa nyanya, kitunguu, pilipili, dhania, ndimu na chumvi, vitu ambavyo mama mboga yeyote wa soko la Kibuye anavyo mezani pake. Hata hivyo, kachumbari yetu hukatwa vipande vyembamba ikaliwa kama mboga kando ya samaki, ilhali salsa hukatwa vipande vidogo, karibu na ukubwa wa punje ya hindi, na majimaji yake hayana budi kuvishika vipande hivyo badala ya kutuama chini ya bakuli. Hapo ndipo kazi ilipo. Karibu kila kosa nililoliona kwa wanaoanza, pamoja na yale niliyoyafanya mwenyewe, lilitokana na maji ya nyanya.

Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nyanya ni maji, na chumvi ikiigusa huyavuta nje. Wakati wa mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyanya hunywa maji mengi zikiwa bado shambani na ladha yake hupungua. Isitoshe, ukungu huunguza mimea, basi nyanya huadimika na bei kupanda. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, tulipokea oda ya watu 40. Nilikata kila kitu saa mbili asubuhi, nikatia chumvi na ndimu papo hapo, nikafunika. Kufikia saa saba mchana, vipande vilikuwa vinaelea, dhania imesawijika na kitunguu kimelegea. Mteja aliirudisha, na haki ilikuwa yake. Nyanya zile hazikuwa mbovu. Ni mimi niliyezitendea kama za Januari.

Kwa hiyo jifunze kununua kabla ya kujifunza kukata. Chagua nyanya ndefu zenye nyama nene, kama Cal J au Rio Grande, ambazo wakulima wetu wengi huzipanda. Ishike mkononi: iwe nzito kuliko unavyoitarajia, ngumu kidogo karibu na kikonyo, na itoe harufu pale kikonyo kilipotoka. Mama ninayemnunulia huzigeuza moja moja kwa kidole gumba, kisha husema, "Mwanangu, hizi ni za kupika. Za kula mbichi ngoja nikutolee huku nyuma." Mwambie muuzaji wako waziwazi kwamba utazila mbichi, na umsikilize. Ukifika nyumbani usiziweke kwenye friji zikiwa nzima, kwa sababu baridi huua harufu yake. Ziache mezani, mahali pasipo na jua.

Kwa nyanya sita za wastani, tumia kitunguu chekundu kimoja, pilipili kali moja au mbili, nusu ya fungu la dhania, maji ya ndimu moja kubwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Wakati wa kiangazi unaweza kuikata nyanya na kila kilichomo, kwani ule ute unaozunguka mbegu una utamu mwingi kuliko nyama yenyewe. Wakati wa mvua, ikate nyanya katikati, uutoe ute kwa kidole, ukate nyama iliyobaki, uinyunyizie ile chumvi yote na kuiacha kwenye chujio kwa dakika 15. Ute na maji yaliyochujika usivimwage. Vitie kwenye mchuzi wa samaki, ila uonje kabla ya kuuongezea chumvi.

Kitunguu kikate kwa kisu kikali, kwa maana kisu butu hukiponda na kukizidishia ukali, kisha ukiloweke katika maji baridi kwa dakika 10. Usikifikiche kwa chumvi tunavyofanya kwa kachumbari, kwa sababu hapa tunataka kiendelee kulia kinapotafunwa. Ukali wa pilipili umekaa zaidi kwenye utando mweupe wa ndani, basi uutoe au uuache kulingana na walaji wako.

Nyanya zikiwa mbaya kabisa, usizilazimishe. Kuanzia Desemba hadi Machi tuna maembe, na embe lililoanza kuiva, ambalo bado ni gumu, linaweza kushika nafasi ya nusu ya nyanya au hata zote. Mimi hulipenda zaidi kando ya tilapia wa kukaanga.

Yapo pia maji ya kuoshea, na hapa nakuomba usikubali njia ya mkato. Salsa hailetwi motoni, na maji machafu yanaweza kuleta kipindupindu au homa ya matumbo, ndimu haitakuokoa. Osha kila kitu kabla ya kukikata, kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Dhania ioshe mara kadhaa hadi mchanga uishe, kisha uikaushe kwa kitambaa safi, la sivyo utakuwa umerudisha maji uliyokwisha kuyachuja. Salsa isikae mezani zaidi ya saa mbili, na hata ndani ya friji usiiweke kupita siku mbili.

Changanya dakika chache tu kabla ya kupakua, dhania na ndimu zikiingia mwisho, pamoja na ile chumvi ikiwa hukuitumia kwenye chujio. Kisha inamisha bakuli. Yakikusanyika maji yanayozidi kijiko kimoja cha mezani, irudishe kwenye chujio, usubiri kidogo, uionje tena ndipo uipeleke mezani.