Sauti haijarudi baada ya oparesheni ya goita? Omba kamera mapema

Wadogo zangu mnaoniuliza kuhusu goita, yaani tezi ya shingoni iliyovimba, mimi nilitolewa na sijutii, ila kuna jambo sikuelezwa na nataka mlijue kabla hamjapanda kitandani.

Nilipozinduka sauti ilikuwa pumzi tupu. Nikaambiwa ni ule mpira wa kupumulia ulikwaruza koo, itarudi tu. Mpira kweli unakwaruza lakini hayo ni ya siku chache, mimi mwezi ukapita, nauza mitumba naita wateja hawasikii, nikipiga simu mtu anasema halo halo anakata, na kilichonitisha zaidi ni maji, yaani kila nikinywa napaliwa, chai napaliwa, ila uji mzito unashuka vizuri.

Mwezi wa pili baada ya oparesheni ndo nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akapitisha kamera nyembamba puani akasema sema "iii", nikajionea kwenye skrini, uzi wa sauti wa kulia unacheza, wa kushoto umelala. Kumbe nyuma ya tezi unapita mshipa wa fahamu, ukivutwa au ukikatwa upande ule unapooza, nyuzi hazikutani, hewa inavuja, ndo maana nilikuwa naongea maneno matano nishachoka.

Kwa hiyo wiki 2 zikipita sauti bado, usikubali subira, omba kamera. Hata kabla ya oparesheni omba waziangalie nyuzi zako. Mshipa uliovutwa tu bila kukatika mara nyingi unaamka wenyewe, inaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka, na muda huo kuna mazoezi ya sauti kwa mtaalamu, kuna sindano ya kuunenepesha uzi uliolala ili mwenzake aufikie, na usipoamka kabisa kuna oparesheni ya kuusogeza katikati. Mimi mazoezi yamenisaidia sana, na maji nilikuwa nakunywa funda dogo dogo kidevu nimekiinamisha kifuani kama nilivyofundishwa.

Ila ndugu wanaouguza nawaomba sana, zikipooza nyuzi zote mbili sauti inaweza kusikika nzuri tu mkadhani mgonjwa mzima, sikilizeni pumzi. Akivuta hewa inapiga kama mluzi, mwiteni daktari hapohapo, na kama mko nyumbani mrudisheni hospitali usiku huohuo, msingoje kukuche.