Bao la kwanza Old Trafford

SWALI: Mhariri, naomba kufahamishwa ni nani aliyefunga bao la kwanza katika uwanja wa Old Trafford, na maisha yake yaliishia wapi. Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, ni Sandy Turnbull, Mskoti aliyezaliwa Hurlford mwaka 1884. Uwanja ulipofunguliwa, Februari 19, 1910, aliipatia Manchester United bao la kichwa dhidi ya Liverpool, ingawa wenyeji walilala kwa mabao 4-3. Alikwisha kutwaa Kombe la FA mwaka 1904 akiwa na Manchester City, akahamia United baada ya wachezaji kadhaa wa City kufungiwa kwa sababu ya malipo yaliyokiuka kanuni, na katika fainali ya 1909, akicheza na goti bovu, alifunga bao pekee lililoizamisha Bristol City. Mwaka 1915 alifungiwa maisha kwa kashfa ya kupanga matokeo ya mechi ya United na Liverpool, ambayo, ajabu, yeye hakuicheza. Aliuawa vitani Arras, Ufaransa, Mei 3, 1917, na mwili wake haukupatikana. Adhabu hiyo ilifutwa mwaka 1919.