Fundi bomba anajibu: gesi inayonuka usiku, kisima kilichogeuka chumvi na maswali mengine ya Kigamboni

Maswali ya safari hii yametoka ng'ambo yetu ya Kigamboni, Dar es Salaam, kuanzia Tungi pale karibu na kivuko mpaka Gezaulole. Nimeyasoma yote kwa pamoja nikaona mengi yana bahari ndani yake. Huku kwetu chumvi iko hewani, iko kisimani, iko mchangani, na fundi asiyeikumbuka chumvi atakufungia kitu kizuri ambacho baada ya miaka miwili utamwita akifungue. Naanza na swali ambalo haliwezi kungoja.

Nikifunga jikoni usiku nanusa gesi kidogo. Baba watoto anasema ni kawaida, eti mtungi ukikaribia kuisha hunuka. Ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Tungi)

Mama, baba watoto kashika nusu ya ukweli. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Ile harufu kama ya kabichi iliyooza huongezwa makusudi ili pua ikuonye. Dawa hiyo ya harufu hugeuka mvuke polepole kuliko gesi, kwa hiyo mtungi ukielekea mwisho huwa imebaki nyingi na harufu huzidi. Hapo yuko sawa. Lakini harufu haisafiri peke yake. Ukiinusa jiko likiwa limezimwa, basi gesi inatoka mahali fulani. Usilale nayo hata usiku mmoja.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Haipandi darini, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya makabati, kwenye kona, hata ndani ya tundu la maji machafu. Ndiyo maana kufungua kidirisha cha juu hakutoshi, fungua mlango. Funga valvu ya mtungi, watoe watoto. Usiwashe taa, na kama imewaka usiizime, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha. Usichomoe friji. Usipige simu ukiwa ndani. Kama mtungi unabebeka, utoe nje penye upepo. Harufu ikiwa kali, au valvu ikigoma kufunga, ondokeni wote, mkishafika mbali na nyumba pigeni 114 kwa Zimamoto.

Asubuhi, nyumba ikishapata hewa, koroga sabuni ya kuoshea vyombo kwenye maji kidogo. Jiko likiwa limezimwa, fungua valvu ya mtungi, kisha paka povu lile kwa sponji kwenye shingo ya mtungi, kwenye regyuleta, kwenye miisho yote miwili ya mpira na katikati yake. Mapovu yakianza kuvimba, umepaona. Tafadhali, kiberiti kisitumike kutafuta uvujaji. Nasema hivyo kwa sababu nimekuta watu wazima wakifanya hivyo, wenye watoto ndani.

Mara nyingi ninachokuta ni kitu kidogo sana: washa, kile kiduara cha mpira kichwani mwa mtungi, imekauka au imepasuka, au klipu inayobana mpira imeliwa na kutu. Hewa ya chumvi huila klipu ya bei rahisi upesi. Nunua ya chuma kisichoshika kutu. Mpira wenyewe, kwangu naubadilisha kila baada ya miaka 2, ingawa wengine huutumia mpaka 5. Usizidi mita moja na nusu, wala usipite nyuma ya ovini. Na mtungi usimame wima siku zote. Ukiulaza, gesi hutoka ikiwa bado majimaji, na regyuleta haikuundwa kwa kazi hiyo.

Mtungi wangu wa kilo 15 siku hizi unaisha upesi. Nahisi naibiwa. (Vijibweni)

Upime, kaka. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mwambie muuzaji auweke kwenye mizani mbele yako kabla hujalipa, ni haki yako, kisha toa uzito wa mtungi mtupu. Kama hesabu inatimia kilo 15, basi gesi inapotelea kwako. Rudi juu kwenye jibu la mama wa Tungi ukachukue sabuni.

Nimehamia Kibada kutoka Mikocheni, ambako nyumba yetu ilikuwa na gesi asilia ya bomba. Jiko nimekuja nalo. Naweza kulifunga kwenye mtungi?

Siyo kabla ya kubadilisha nozeli, zile pua ndogo zinazotoa gesi, dada. Hizi ni gesi mbili tofauti. Gesi asilia, ile inayochimbwa Songosongo na Mnazi Bay, ni methani. Ya mtungi ni propani na butani, na kwa ujazo uleule ina nguvu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo jiko la gesi asilia lina nozeli zenye matundu makubwa. Ukipitisha gesi ya mtungi humo utapata moto mrefu wa njano, masufuria meusi, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ambayo haionekani wala hainuki. Majiko mengi huuzwa na pakiti ya nozeli za aina ya pili, tafuta kwenye boksi lake. Fundi akimaliza, mwambie awashe kila jicho mbele yako. Moto uwe wa buluu na utulie.

Jambo moja zaidi. Kule Mikocheni gesi yako ilikuwa nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda. Huku inashuka. Pua yako ijifunze upya, ianze kunusa karibu na sakafu.

Mabomba ya chuma yananitoboka kila mara. Fundi anakata kipande, anaweka kingine, baada ya muda panatoboka pembeni yake. Niko Mjimwema, kama mita mia kutoka ufukweni.

Mzee wangu, pole. Hilo bomba lilipakwa zinki kuzuia kutu. Sasa fundi anapokata kipande na kuchonga nyuzi za kufungia, anaikwangua zinki palepale. Chumvi haihitaji mwaliko zaidi ya huo. Ndiyo maana panatoboka kwenye maungio kwanza, na ndiyo maana kila kiraka kinazaa kiraka kingine. Fundi wako si lazima awe mwizi. Anatibu kidonda cha mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko mwili mzima.

Ushauri wangu ni kuacha viraka na kuhamia mabomba ya plastiki ya PPR kwa nyumba nzima, hata kama ni kwa awamu: mwaka huu jikoni, mwakani bafuni. Plastiki hailiwi na chumvi. Ila PPR nayo ina masharti yake, na nyumba nyingi ninazoitwa kurekebisha zimeharibiwa na haraka.

Bomba na kiungio chake huyeyushwa kidogo kwa mashine kisha husukumwa vikashikana kuwa kitu kimoja. Joto ni nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linataka sekunde 5 tu kwenye mashine, la 25 linataka 7. Fundi anayeacha bomba kwenye moto huku anaongea na simu atapata kiungio kizuri kwa nje, lakini ndani plastiki imekunjamana na kuziba nusu ya njia. Utakuja kulalamika presha ndogo bila kujua chanzo. Anayewahi kulitoa, kiungio kitaachia siku maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yatakapokuja na nguvu zote saa nane usiku. Kwa hiyo simama pale umtazame, siyo kwa ubaya. Mwombe akate kiungio kimoja cha majaribio katikati mkione kwa ndani. Fundi anayejiamini atafurahi.

Jua nalo ni adui wa PPR. Kile kipande kinachopanda nje kwenda kwenye tanki kifunikwe au kifukiwe ukutani, la sivyo kitakauka na kupasuka kama ganda la yai.

Na hili wengi hawalifikirii: katika nyumba za zamani, waya wa ethi wakati mwingine ulifungwa kwenye bomba la chuma. Ukiling'oa ukaweka plastiki, umeng'oa na kinga ya umeme. Kabla ya kuanza, mwite fundi umeme aangalie, hasa kama mnatumia shawa ya umeme. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi, na bafuni hakuna pa kukimbilia.

Bili ya maji imepanda ghafla na sioni panapovuja. (Kisota)

Funga bomba zote, mwambie kila mtu asiguse maji, kisha nenda kwenye mita. Kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yakipita. Kikizunguka, kuna uvujaji baada ya mita, yaani upande wako. Sasa funga koki ya kuingilia nyumbani. Kikisimama, tatizo liko ndani. Kikiendelea, ni kwenye bomba la uani, kati ya mita na nyumba, na huku kwenye mchanga maji huzama moja kwa moja bila kufanya hata tope. Ndiyo maana huoni kitu.

Ndani, mshukiwa wa kwanza ni choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri robo saa bila kuflashi. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka, na kuubadilisha ni kazi ya dakika chache. Usidharau tone pia. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban ndoo moja ya lita 20 kwa siku.

Shawa yangu inatoa maji kama machozi, wakati tanki liko juu ya paa. (Kibada)

Tanki kuwa juu ya paa si lazima liwe juu ya kutosha. Presha hupimwa kwa ba, na kila mita moja ya kimo hukupa sehemu moja ya kumi ya ba. Kama kutoka kitako cha tanki mpaka kichwa cha shawa ni mita 2, una 0.2, na shawa nyingi za kisasa hutaka karibu ba nzima. Badilisha kichwa cha shawa uweke cha matundu makubwa, toa bomba la nusu inchi linaloshuka kutoka kwenye tanki uweke la robo tatu. Isipotosha, weka pampu ndogo ya presha. Usikimbilie kuinua tanki kabla ya kuuliza jengo linabeba nini, maana lita 1,000 ni tani nzima.

Nampataje fundi asiyeniacha njiani? Wa mwisho alichukua hela ya vifaa akapotea. (Dada wa Mjimwema)

Pole sana, dada. Inaniuma, kwa sababu jina linalochafuka ni letu sote. Vifaa kanunue mwenyewe, au nendeni pamoja. Mpe fundi orodha aandike, uvuke nayo mpaka kwenye maduka ya vifaa ya mtaa wa Gerezani ukalinganishe bei. Fundi umlipe ufundi tu, kwa hatua: kidogo akianza, nusu mabomba yakishalazwa, zinazobaki maji yakishajaribiwa. Jaribio lenyewe ni kujaza mabomba maji kwa presha na kuyaacha usiku kucha kabla ukuta haujapigwa plasta. Hapa usikubali kubembelezwa. Plasta ikishapita, kila kosa linalipiwa mara mbili.

Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ni kitu kizuri, na siku hizi hata mafundi waliojifunzia mtaani wanaweza kupimwa ujuzi wao na kupewa cheti, kwa hiyo kuuliza si kumdhalilisha mtu. Mimi huangalia pia jambo dogo. Fundi mzuri akifika huuliza koki kuu iko wapi na maji yenu yanatoka wapi, kisimani au DAWASA, kabla hajafungua mkoba.

Kisima chetu kilikuwa na maji matamu, sasa yana chumvi. Fundi wa visima anasema tuchimbe zaidi. Kiwanja ni 20 kwa 20. (Baba wa familia, Gezaulole)

Usichimbe, ndugu yangu. Karibu na bahari maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji chumvi, hapohapo chini ya mchanga. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyoinuka juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta sana ukashusha ile mita moja ya juu, chumvi inapanda kwa kasi kutokea chini. Kuchimba zaidi ni kuifuata. Usijilinganishe na visima virefu vya Kimbiji, vile vinashuka mamia ya mita kufuata maji mengine kabisa.

Inua pampu, ikae juu zaidi. Vuta kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya kujaza matanki yote kwa mkupuo. Vuna maji ya mvua ya masika. Huenda utamu ukarudi polepole, kama majirani nao watapunguza, kwa sababu maji hayo mnayavuta kwenye chungu kimoja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile ambacho hukuuliza. Kisima hutakiwa kiwe mita 30 kutoka shimo la choo. Kiwanja chako ukikipima hata kona kwa kona hakifiki mita 29. Kwa hiyo shimo lako liko karibu mno, na la jirani huenda pia, na mchanga wetu hupitisha maji upesi. Chumvi unaionja, vijidudu huvionji. Peleka sampuli maabara wapime vijidudu vya kinyesi. Mpaka majibu yatoke, ya kunywa mchemshe yatokote, ingawa kuchemsha hakutoi chumvi. Na kama bomba la DAWASA limefika mtaani kwenu, unganisha hata bomba moja tu la uani kwa ajili ya kunywa na kupikia. Kisima kibaki cha kudekia na kuflashi choo, na watoto waambiwe bomba lipi ni la kunywa.