Muulize Bibi: Mabeseni Mawili, Watoto Watatu

SWALI: Shikamoo Bibi. Likizo ya kiangazi imeanza, joto kali, na wanangu watatu wananililia maji kutwa. Mkubwa ana miaka 9, wa kati 5, mdogo 2. Sina bwawa, nina mabeseni mawili na mpira wa kumwagilia bustani. Nikiwafungulia maji, punde tu wanagombana. Niwachezeshe nini?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bwawa la nini? Kinachowagombanisha ni huo mpira: uko mmoja, na anayeushika ndiye mfalme. Jaza mabeseni, funga bomba, uweke kando. Sasa kila mtoto mpe kazi yake.

Huyo wa miaka 9 mtafutie chupa kubwa ya plastiki. Itoboe wewe mwenyewe kwa msumari, matundu matatu ubavuni: la juu, la kati na la chini. Yazibe kwa utepe wa gundi, ajaze maji, aiweke juu ya stuli ndefu. Kabla ya kubandua, muulize tundu lipi litarusha maji mbali zaidi. Litakuwa la chini, maana linasukumwa na uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Kisha ateremshe chupa hadi sakafuni, ajaze tena, arudie. Safari hii la kati ndilo litakaloshinda! Maji ya tundu la chini bado yana kasi, ila yanagonga sakafu kabla ya kufika popote. Mwache akune kichwa. Hapo utapata utulivu mrefu.

Wa kati mpe sponji ahamishe maji beseni hadi beseni, na vikombe vya maumbo mbalimbali. Akimimina maji ya kikombe kipana kwenye chembamba kirefu, huenda akaapa kwamba yameongezeka. Usimsahihishe. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, alilichunguza sana jambo hilo, na watoto wa umri huo ndivyo wanavyoona.

Mdogo anatosheka na brashi ya rangi na kikopo cha maji. Apake ukuta, jua likiukausha, aanze upya.

Ila kwa huyo mdogo sina mzaha. Mtoto mdogo kama huyo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita 5, na huzama kimya, bila kupiga kelele. Kaa pale mkono wako unapomfikia, simu iache ndani. Ukiitwa mlangoni, mbebe uende naye. Usimwachie kaka yake kazi ya ulinzi. Wakimaliza, maji yote yaende kwenye mimea na mabeseni yafudikizwe.

Ukiutumia mpira siku nyingine, yale maji ya kwanza yamwage pembeni. Mpira uliolala juani hutoa maji ya kuunguza ngozi.

SWALI: Bibi, binti yangu wa miaka 4 hulia maji yakimgusa uso. Nimzoeshe kwa kummwagia kidogo kidogo?
Baba Mwenye Wasiwasi

JIBU: Usimmwagie hata tone. Kikombe ashike yeye. Ajimwagie miguu, amwoshe mwanasesere nywele, apulize mapovu ya sabuni kwenye beseni la kina kifupi. Usoni atafika mwenyewe, siku atakayotaka. Na hao wakubwa wanaomcheka, watafutie kazi za ndani.